Kabla meli ya watalii haijafunga gati Nansio

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Mkuu wa Wilaya ya Ukerewe na Halmashauri yake, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), Kampuni ya Meli Tanzania (TASHICO) na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC)

YAH: SAFARI ZA MELI ZA KITALII KATIKA VISIWA VYA UKEREWE

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, naishi Mwanza mjini, na riziki yangu naipata kwa kutembeza wageni. Naandika kwa sababu jambo ambalo kwa miaka mingi lilizungumzwa kama ndoto ya mchana sasa linawezekana: meli tunazo. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani 1961, ilikarabatiwa na kurejea safarini 2020. MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200, ilishushwa majini katika Bandari ya Mwanza Kusini Februari 2023. Haitachukua muda mrefu kabla mtu hajafika ofisini kwenu na andiko la safari ya kitalii: kuondoka Mwanza alfajiri, kukipita kisiwa cha Saanane, kusimama Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kwa saa chache na kurudi jua likizama, au kuendelea hadi Rubondo na Bukoba. Andiko hilo litakuwa na picha nzuri. Sipingi safari hiyo. Nadhani naisubiri kwa hamu kuliko wengi wenu. Ninachoomba ni kwamba msilisaini kabla ya kuhakikisha kuwa kituo cha Nansio ni mali ya kisiwa, na kwamba meli ndiyo mgeni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawakuwa wameona meli ya kitalii. Biashara hii, kwa namna inavyoendeshwa duniani, ina tabia yake ya pekee, maana mgeni husafiri pamoja na hoteli yake. Meli huingia bandarini asubuhi abiria wakiwa wamekwisha kunywa chai. Chakula cha mchana wamekilipia, kitanda wamekilipia, na mara nyingi kabla ya jioni kuingia wanatakiwa wawe wamerudi ndani. Katika saa hizo chache, sehemu hupotea wakati wa kushuka na nyingine kwenye foleni ya kupanda tena. Safari za nchi kavu huuzwa ndani ya meli kabla haijafika, na mwenyeji anayezifanya hulipwa sehemu tu ya kile alichotozwa mgeni. Lipo pia jambo ambalo asiyelijua hawezi kuielewa biashara hii hata kidogo: mgeni aliyenunua matembezi ya meli akichelewa, meli kwa kawaida humsubiri, aliyechukua teksi ya mwenyeji kwa hiari yake akichelewa, meli huondoka bila yeye. Hofu hiyo peke yake inatosha kumfanya mzee wa miaka sabini asithubutu kuvuka lango la bandari na dereva asiyemjua, hata kama dereva huyo ni mwaminifu na bei yake ni nafuu. Ndiyo maana inawezekana kabisa watu elfu moja wakashuka katika mji mdogo, wakapiga picha zao na kuondoka, na mama muuza machungwa aliye hatua chache kutoka gatini asiuze hata fungu moja.

Yaliyotokea kwingine yanafaa kutazamwa. Falmouth ni mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Jamaika. Bandari yake ya meli za kitalii ilifunguliwa 2011 kwa ubia wa mamlaka ya bandari ya nchi hiyo na kampuni ya Royal Caribbean. Maduka na migahawa vikajengwa ndani ya uzio wa bandari, na wachuuzi wa mji wakabaki nje wakilalamika kwamba wageni wengi hawavuki lango. Key West, kisiwa kilicho kusini kabisa mwa jimbo la Florida nchini Marekani, ulikwenda mbali zaidi: Novemba 2020 wakazi walipiga kura na kuweka kikomo cha abiria 1,500 wanaoruhusiwa kushuka kwa siku. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoibatilisha kura hiyo. Katika Visiwa vya Cayman, ambako meli hutia nanga nje na abiria kuletwa ufukweni kwa boti, wananchi waliulizwa Aprili 2025 kama wanataka gati la kufungia meli hizo, wakakataa. Nisieleweke kwamba nataka tuwaige hao wala wale. Jambo linalonishughulisha ni kwamba wote walianza kubishana meli zikiwa zimekwisha kuzoea njia, maduka yamejengwa na mikopo imechukuliwa. Sisi hatujafika huko. Na kutoka Key West najifunza kuwa sheria ndogo ya halmashauri, hata ikiungwa mkono na wananchi wote, inaweza kufutwa na aliye juu yake. Kwa hiyo masharti ya kisiwa yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe wa meli kutumia gati, wala yasiachwe yaelee katika kumbukumbu za vikao vya madiwani.

Sharti la kwanza kwangu ni muda, kwa kuwa mengine yote yanategemea muda. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, chenye takriban kilomita za mraba 530, na wilaya nzima ina visiwa 38. Mgeni aliyepewa saa tatu ataona gati, ataona soko, atapanda bodaboda hadi mwisho wa lami na kurudi akitazama saa. Aliyepewa saa saba anaweza kufika Bukindo lilipo jumba la watawala wa Wakerewe na kusimuliwa habari za ukoo huo na watu wanaozijua, akaenda Handebezyo kwenye mawe makubwa na mapango, akala mchana bila kuharakishwa, kisha alasiri akapita ufukweni kuona dagaa wakianuliwa. Hata hilo la dagaa lina kalenda yake, na mpanga ratiba wa mjini asiyeuliza hataijua: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, wakashona nyavu. Meli itakayofika wakati huo itakuta vichanja vitupu, na mgeni ataambiwa kwamba hakuna kitu. Kumbe kipo: mafundi wa mitumbwi, nyavu zinazoshonwa, na wavuvi ambao kwa mara moja wana muda wa kuzungumza. Lakini kuliona hilo kunahitaji mwongoza wageni anayetoka kisiwani, na saa za kutosha.

Kuhusu kisiwa jirani cha Ukara nitasema waziwazi. Yeyote atakayeandika Ukara katika ratiba ya siku moja kutoka Mwanza anamuuzia mgeni mbuzi kwenye gunia. Kutoka Nansio ni barabara hadi Bugolora, kisha kivuko hadi Bwisya, kisha kurudi kwa njia ile ile, na kivuko hicho kina ratiba yake na abiria wake wanaokwenda hospitali, sokoni na shuleni. Ukara unastahili mgeni wa kulala. Jiwe linalocheza litamvutia, sawa, ila mimi ningemkalisha zaidi kwa wakulima wa Kikara, ambao tangu kabla ya ukoloni wamefuga ng'ombe zizini, wakiwakatia majani na kukusanya samadi ya kurutubisha mashamba, kwa kuwa ardhi yao ni ndogo na watu ni wengi. Wataalamu wa kilimo wametoka mbali kuja kulisoma jambo hilo. Kwa sababu hiyo naomba mkataba utaje muda wa chini wa saa sita nchi kavu, zihesabiwe kuanzia abiria wa mwisho anaposhuka na si kuanzia meli inapoonekana kwenye upeo wa macho, na baadhi ya safari ziwe za meli kulala Nansio, ili anayetaka kulala Ukara au katika nyumba ya wageni ya Nansio apate nafasi hiyo.

Naomba pia kisiwa chetu kisiuzwe kwa sura ambayo si yake. Nimekwisha kuona matangazo ya utalii wa ziwa yenye mchanga mweupe, maji ya buluu na wageni wakiogelea. Hayo ni matangazo ya bahari. Ziwa Victoria lina kichocho, na Ukerewe ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kuathiriwa zaidi. Lina mamba, na wavuvi wetu wanawajua kwa makazi yao. Mgeni aliyeingia majini kwa sababu ya picha ya kwenye kipeperushi, kisha akaugua wiki chache baada ya kurudi kwao, hatarudi tena na atawaonya wenzake, na atakuwa na haki. Pesa itakayotumika kujenga ufukwe wa kuigiza ingefaa zaidi kujenga vyoo vizuri Nansio, ambavyo mgeni atavihitaji ndani ya nusu saa ya kwanza na mwenyeji anavihitaji mwaka mzima.

Lipo na la faragha ya watu. Nje ya nchi Ukerewe hutajwa mara kwa mara kama kisiwa chenye watu wengi wenye ualbino, na wapo waandishi wa kigeni waliokuja kwa ajili hiyo tu. Hofu yangu ni kwamba mpangaji wa safari mwenye tamaa ataligeuza hilo kuwa kivutio. Liandikwe kwa maneno yasiyo na shaka kwamba ni marufuku kupeleka kundi la watalii katika kaya, shule au kliniki kwa lengo la kutazama watu, na kwamba kampuni itakayokiuka itanyimwa gati. Marufuku hiyo hiyo iyahusu makaburi ya Bwisya.

Nimeyataja makaburi hayo kwa makusudi, kwa sababu hakuna anayeweza kuzungumzia meli Ukerewe akaipita Alhamisi ile ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kabisa kufika gati la Bwisya. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliofariki walizidi 220. Miaka 22 kabla ya hapo, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu, na hadi leo idadi yao kamili inabishaniwa kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Katika misiba yote miwili swali la kwanza la kila familia lilikuwa ni nani alikuwamo, na hakuna aliyeweza kulijibu kwa uhakika. Hapa ndipo ninapoona meli za kitalii zina jambo la kutufundisha, na ni jambo la gharama ndogo. Kila abiria hupewa kadi. Akishuka inasomwa na mashine, akipanda inasomwa tena, na nahodha anajua kwa jina nani bado yuko nchi kavu. Meli ya kitalii ikija na utaratibu huo Nansio, mashine na mafunzo yabaki gatini vitumike pia kwa MV Butiama na kila chombo kinachobeba watu wa kisiwa. Itakuwa aibu kubwa kama mtalii wa nusu siku atahesabiwa kwa uangalifu kuliko mama anayevuka na mtoto mgongoni kila wiki ya maisha yake.

Tukiwa bado gatini, mnakumbuka jinsi ziwa lilivyopanda 2020 na tena 2024, maji yakafunika fukwe, nyumba na sehemu za magati. Mnakumbuka pia 2006, lilipokauka hadi mitumbwi ikakaa kwenye tope. Kati ya hali hizo mbili kina kilitofautiana kwa zaidi ya mita mbili. Gati la zege lililopimwa kwa maji ya mwaka mmoja litakuwa juu mno mwaka mwingine, na mwaka unaofuata litakuwa chini ya maji. Wageni wengi wa meli hizi ni wazee, wengine hutembea na fimbo au viti vya magurudumu, na hawawezi kuruka kutoka ubavuni mwa meli. Gati linaloelea, lenye daraja linalopanda na kushuka pamoja na maji, lingewafaa hao na lingewafaa wajawazito wetu na wapagazi wetu. Vinginevyo meli itie nanga nje na abiria waletwe kwa boti. Njia hiyo ina faida kwa vijana wetu wenye boti, mradi boti ziwe zimekaguliwa na TASAC, kila mtu awe na jaketi okozi mwilini badala ya kuwa chini ya kiti, na Mamlaka ya Hali ya Hewa iwe imeulizwa asubuhi hiyo. Dhoruba za ziwani hupiga zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, kwa hiyo boti za wageni zisivushe mtu gizani. Na kwa vyovyote itakavyoamuliwa, meli ya kitalii isisogeze ratiba ya meli za abiria wa kawaida hata kwa dakika kumi. Mgonjwa anayekwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, hawezi kuambiwa asubiri watalii wamalize kupiga picha.

Sasa fedha. Naomba ada ya kushuka itozwe kwa kila kichwa, ilipwe na meli moja kwa moja kwa Halmashauri, na sehemu inayojulikana iende kwa vijiji vinavyotembelewa. Naomba chakula cha mchana kiliwe kisiwani, tena hili liwe sharti, kwa maana meli ikiruhusiwa kuwarudisha wageni wake kula, imemaliza siku. Sato wa kuchoma, ugali wa muhogo, machungwa ya Ukerewe ambayo Mwanza nzima inayajua: hivi tunavyo. Uwezo tusionao ni wa kuwalisha watu 1,200 kwa mpigo, na tukijaribu tutaabika na kuumwa matumbo pamoja na wageni. Tuanze na mia moja na hamsini kwa safari, mama lishe wapewe mafunzo ya usafi na mkopo wa vyombo kabla ya msimu, kisha idadi ipande kadiri wao watakavyosema wanaweza. Madereva, waendesha bodaboda na waongoza wageni wa kisiwa wasajiliwe katika umoja mmoja, na meli ikubali kwa maandishi kumsubiri mgeni aliyechukuliwa na mwanachama wa umoja huo kama inavyomsubiri aliyenunua safari ndani ya meli. Kifungu hicho kimoja, kwa maoni yangu, kina thamani kuliko maduka yote yanayoweza kujengwa ndani ya uzio wa bandari. Nikiongeza hapo: uzio wenyewe usijengwe zaidi ya ule unaohitajika kwa usalama.

Maji taka hayahitaji maneno mengi. Baharini, kanuni za kimataifa huruhusu meli kumwaga maji ya vyoo yasiyosafishwa ikiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Ziwani kwetu hakuna maili ya kumi na mbili ambayo maji yake si ya kunywa. Bomba la maji ya Mwanza mjini lililopo Capri Point linavuta humo humo, na kisiwani wako wengi wanaochota kwa ndoo. Meli ya kitalii irudi Mwanza na taka zake zote, za choo, za jikoni na za mafuta, na ipokewe na gari la maji taka gatini kwa risiti. Bila risiti, isipewe kibali cha safari inayofuata.

Mwisho naomba utaratibu. Rasimu ya mkataba wowote wa meli ya kitalii kutumia gati la Nansio ibandikwe kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za kata zote za Ukerewe kwa muda usiopungua siku 30 kabla ya kusainiwa, na ndani ya siku hizo ufanyike mkutano wa hadhara Nansio na mwingine Bwisya, TPA, TASHICO na TASAC wakiwapo wenyewe badala ya kutuma wawakilishi wasioweza kujibu. Wavuvi wapangiwe mkutano siku za mbalamwezi, wanapokuwa nchi kavu. Ukipangwa siku za giza, watakuwa majini na mtasema hawakuja.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza wageni, mzaliwa wa Ukerewe
Mwanza